Kisirani cha Brannock

Kiti changu kilikuwa nje ya ukumbi, kati ya mashine ya bisi na mlango wa choo cha wanaume. Wanafunzi wa chuo walikipaka rangi ya kijani, rangi ya timu yetu, wakaandika VERNA mgongoni kwa herufi nyeupe. Mto wa kukalia alinishonea Nadine Prather. Watu wakipita kwenda kujisaidia walinipigia saluti, na wengine waliniachia keki. Ungeniona pale ungedhani ni mtu mwenye cheo. Kumbe nilikuwa nimefukuzwa, ila nimefukuzwa kwa adabu.

Mimi na mume wangu Delmar tumeshabikia timu ya mpira wa kikapu ya Chuo cha Brannock tangu tuoane. Tuna viti viwili safu ya saba, vya kulipia msimu mzima kabla haujaanza, alivyoachiwa Delmar na baba yake. Kulia kwa Delmar anakaa Lyle Prather, kinyozi mstaafu, na kulia kwa Lyle ni mkewe, huyo Nadine wa mto. Kushoto kwa Delmar ni mimi. Watoto wetu walijifunza kuhesabu kwa kusoma ubao wa pointi. Hapa Kentucky kuna miji mikubwa yenye timu kubwa, lakini sisi wa Brannock hatuna habari nazo. Ukumbi wetu unaingiza watu wengi kuliko wakazi wa mji wenyewe, na bado unajaa.

Mambo yalianza Novemba. Tulikuwa tumeachwa nyuma vibaya, nikaenda chooni. Foleni ilikuwa ndefu, na foleni ya wanawake haijawahi kuwa fupi tangu ukumbi ujengwe na wanaume. Nilipotoka nikakuta tunaongoza. Nikaketi, na hapo hapo wageni wakafunga mara tatu mfululizo.

"Shemeji," Lyle akaniambia akicheka, "hebu rudi chooni."

Nikacheka na mimi, nikarudi, tukashinda. Mechi iliyofuata nilikaa kwenye kiti changu mwanzo hadi mwisho, tukafungwa nyumbani na timu ambayo hata kocha wake alishangaa. Ya tatu nilitoka wakati wa mapumziko kununua soda, na vijana wakageuza mchezo nikiwa bado kwenye foleni. Niliporudi na soda yangu nikaona safu nzima ya saba inanitazama. Hakuna aliyecheka tena.

Msituone wajinga. Brannock ni mji wa watu wenye akili timamu, wanaolipa kodi na kubadilisha oili ya gari kwa wakati. Lakini ikifika msimu wa kikapu Lyle hanyoi ndevu, kinyozi mzima. Nadine hushika kijiko cha mbao mechi yote. Kocha wetu huvaa tai moja yenye doa la haradali na hakuna anayethubutu kumwambia aifue. Mtu ambaye amefanya yote hayo ili vijana wa miaka ishirini watumbukize mpira, hawezi kushindwa kumtoa mwanamke mmoja nje. Na nitasema ukweli: mwanzoni nilivimba kichwa. Nilijiona nina nguvu juu ya mikono ya wale vijana, nguvu ya kuwaharibia, lakini nguvu ni nguvu.

"Ni mpaka tupoteze," Delmar aliniahidi Desemba. "Siku tukipoteza wewe ukiwa nje, unarudi kiti chako."

Sasa balaa ni kwamba hatukupoteza tena nyumbani. Januari ikaisha, Februari ikaisha, mimi niko kwenye bisi. Nilijifunza kuutambua mchezo kwa sauti. Kikapu cha mbali kina mlio wake, cha karibu kina wake, na kosa la refa lina wake peke yake. Nilichokikosa si mpira. Nilikosa bega la Delmar. Miaka yote, tukiwa pabaya, alikuwa ananiegemea bila kujijua, na mimi namsukuma, na yeye anarudi tena. Asiyekuwepo na lake halipo: Februari Lyle aliniambia, kwa nia njema kabisa, kwamba kiti changu sasa wanawekea makoti.

Basi ikaja ile Jumamosi ya Machi. Ilikuwa fainali ya ligi yetu, inachezwa kwetu kwa sababu tulimaliza wa kwanza, na mshindi anakwenda kwenye mashindano makubwa ya vyuo vya nchi nzima, yale yanayofanya Wamarekani wote waache kazi watazame televisheni. Brannock ilikwenda mara moja tu. Delmar alizaliwa mwaka uliofuata, akalelewa kwa simulizi ya mechi ile kama wengine wanavyolelewa kwa Biblia. Baba yake alikufa akisubiri ya pili, na siku anakufa alimwuliza Delmar nani tunacheza naye Alhamisi, siku mashindano hayo yanapoanza.

Asubuhi ile Delmar hakula mayai yake. Alikaa mezani anajisugua mkono wa kushoto kuanzia bega hadi kiwiko, uso una rangi ya unga wa dukani.

"Una nini?"

"Kiungulia. Yale maharage ya jana ya pilipili."

"Kiungulia hakikai mkononi."

"Nimelala vibaya basi."

Nikaweka sufuria chini. "Leo nakaa na wewe."

"Wapi?"

"Safu ya saba. Kwenye kiti changu. Hayo makoti myapakate."

Aliacha kujisugua. "Verna. Leo ya leo?"

"Rangi yako siipendi."

"Miaka yote nimekuomba nini mimi? Nimekuomba mashua? Lyle ana mashua, mimi sina, na sijasema kitu. Nakuomba masaa mawili ukae nje. Kesho nikae nawe hata kwa dada yako, siku nzima, na nitacheka kwenye hadithi zake."

Mtu aliyeolewa anajua kuna wakati unabishana na mume na kuna wakati unabishana na ukuta. Nikavaa sweta yangu ya kijani, tukaenda, na mlangoni tukaagana, yeye akaingia, mimi nikaketi kwenye kiti changu cha cheo. Nikaweka mkoba wangu chini ya kiti, simu ikiwa ndani yake. Mashine ya bisi ikaanza kulia.

Kipindi cha kwanza nilisikia kelele zisizo zetu. Waliocheza nasi walikuwa Chuo cha Tolliver, watu wa rangi ya njano kutoka ng'ambo ya mto, na mashabiki wao wana sauti za kunadi ng'ombe. Kufikia mapumziko tulikuwa nyuma kwa pointi tisa. Milango ikafunguka, watu wetu wakatoka wameinamisha vichwa, na wa kwanza kunifikia alikuwa Delmar. Shati lake lilikuwa limelowa hadi kiunoni.

"Hujachungulia?" akaniuliza.

"Delmar, unatoka jasho."

"Ndani joto. Hujachungulia mlangoni hata kidogo?"

"Sijachungulia. Kaa hapa kidogo, ukae na mimi."

"Nikikaa hapa nani atakaa kule?" Akaniachia bisi zake mapajani. Alikuwa hajala hata moja. Delmar ni mtu wa kula bisi hata msibani, na pale ndipo nilipoanza kuogopa. Nikamwita Lyle, aliyekuwa anatoka chooni anapangusa ndevu zake.

"Lyle, mwangalie Delmar. Hali yake si nzuri."

"Nitamwangalia kwa jicho moja, shemeji," akasema. "La pili lina kazi."

Wakarudi ndani. Nikabaki na bisi za mume wangu, nimekaa kwenye mto wa Nadine, na nikajiambia kwamba mwanamke mwenye akili angeingia. Kisha nikajiambia kwamba tukipoteza kwa pointi moja mimi nikiwa ndani, mwanamke huyo mwenye akili atatafuta mji mwingine wa kuishi.

Aliyenitoa kwenye kiti ni adui. Alikuja kununua bisi, mama mnene wa umri wangu, koti la njano hadi magotini. Akasoma jina mgongoni mwa kiti, akanizunguka aone uso.

"Usiniambie ndiye wewe," akasema. "Yule kisirani. Tumekusikia kwenye redio mpaka kwetu."

"Ndiye mimi."

"Naitwa Corliss. Sasa, mama, unafanya nini huku nje? Ingia ndani. Kwetu nafasi ipo, mkwe wangu hakuja, anaumwa jino. Karibu kabisa, utakaa katikati yetu kama bibi harusi."

Nilimchukia kwa muda mfupi. Halafu nikakumbuka jinsi ukumbi ulivyokaa. Mashabiki wa wageni huwekwa upande wa pili, na upande wa pili unatazamana na safu ya saba. Kutoka pale ningemwona Delmar uso kwa uso, na kwenye kundi la njano hakuna mtu wa Brannock ambaye angenitambua.

"Nipe koti lako," nikamwambia.

Corliss alilivua kwa furaha, hata kola alinitengenezea yeye.

Wale watu wa Tolliver walinipokea vizuri kuliko nilivyowahi kupokewa kwenye ukumbi wangu mwenyewe. Habari ilipita kiti hadi kiti kwa kunong'ona, wakanipa mkono mmoja mmoja, kijana mmoja akaninyanyukia. Mimi nilikuwa namtafuta Delmar. Nikamwona. Alikuwa amesimama kati ya rundo la makoti na Lyle, mikono kwenye kofia yake, na moyo wangu ukatulia. Ndipo nikatazama uwanjani. Miezi minne nilikuwa sijaiona ile sakafu, na nilikuwa nimesahau jinsi inavyong'aa.

Tavion Meeks akarusha kutoka mbali, ikaingia. Tavion ni mrushaji wetu, kijana wa Memphis, mama yake yuko mbali, basi Jumapili huja kwetu kula mkate wa mahindi. Akarusha tena, ikaingia tena. Wenzake wakapora mpira, wakampa, akarusha akiwa ameegemea upande kama mtu anayeanguka kwenye ngazi, ikaingia. Wageni walijibu mara moja tu, na pointi tisa zikawa mbili. Nilijikunyata ndani ya koti la njano. Nilikuwa ndani. Macho yangu yalikuwa wazi, nawatazama, na walikuwa wanafunga.

"Bibie," Corliss akaniinamia, "hii dawa yako inachukua muda gani?"

"Sijui. Labda nimeharibika."

"Mtoeni nje," mkwe wake mwingine akasema nyuma yetu. "Wenzake walikuwa na akili."

Tukasawazisha, tukapita. Tukapita kwa mbili, kwa nne, kwa sita. Ukumbi ulikuwa unatetemeka hadi meno yangu yanagongana. Nilicheka nikiwa nimejiziba mdomo kwa mkono wa koti la watu, machozi yakinitoka, na nilichofikiria ni jinsi nitakavyomwambia Delmar. Nitamwambia kwenye gari. Nitamwacha kwanza ashangilie, kisha nitamwambia nilipokuwa, na msimu ujao yale makoti yatatafuta pengo jingine.

Nikamtafuta tena. Safu yote ya saba ilikuwa imesimama, watu wanarukaruka, na katikati kulikuwa na nafasi. Delmar alikuwa ameketi. Delmar haketi tunapoongoza. Kichwa chake kilikuwa kimeegemea paja la Lyle aliyesimama, na Lyle alikuwa amemwekea mkono begani bila kuondoa macho uwanjani.

Sikumbuki kuaga. Niliteremka ngazi, nikazunguka nyuma ya goli, nikawapita wasichana wa kushangilia, na kwa sababu nilikuwa na lile koti watu wangu mwenyewe walinizomea njia nzima. Mtu akanirushia bisi. "Rudi ng'ambo, bibi njano," wanafunzi waliimba, wale wale walioandika jina langu kwa rangi nyeupe. Nikapanda ngazi za upande wetu nikijivuta kwa mikono kwenye vyuma.

Nadine ndiye aliyeniona kwanza. Alishika mdomo, na kijiko cha mbao kikaanguka.

"Verna," akasema. "Umeingia?"

Nilidhani atasema jambo lingine. Lyle naye akageuka, akaliona koti, akaniona mimi.

"Tangu saa ngapi uko humu?"

Nikawasukuma nikapiga magoti. Uso wa Delmar ulikuwa wa kijivu, midomo imeiva zambarau, mkono mmoja umekamata shati kifuani. Alikuwa anapumua kama mtu anayekunywa chai ya moto. Nikamshika mashavu, yalikuwa ya baridi na yamelowa. Akafungua macho. Alinitazama mimi, akatazama koti, kisha akanitazama tena.

"Toka nje," akasema.

"Delmar, huu ni moyo."

"Najua ni nini. Toka nje, Verna."

Nikainua kichwa. "Mmemwita nani?" Macho yao yalikuwa uwanjani. "Lyle, mmemwita nani?"

Lyle alichuchumaa karibu yangu. Alinisemesha kwa upole, sauti ile ile aliyokuwa akiwatuliza nayo watoto wangu walipoogopa mkasi.

"Shemeji, sikiliza. Mwenyewe amekataa tusimwite mtu. Wauguzi wakija, mchezo unasimamishwa, na vijana wameshika moto, unaona. Wakikaa chini dakika kumi watapoa. Zimebaki mbili. Mbili tu, tunambeba wenyewe mpaka kwenye gari."

"Atakufa."

"Amesema anavumilia."

"Nadine, piga simu, yangu iko nje."

Nadine alikuwa analia. Simu alikuwa nayo mkononi. Akamtazama Lyle, kisha, Mungu wangu, akatazama saa ya ubaoni. Mama yangu alipokufa, mwanamke huyu alinioshea vyombo wiki nzima bila kuniuliza sabuni iko wapi. Nimezika wazazi wote wawili na kaka mmoja, na sijawahi kupata baridi mwilini kama ile niliyoipata pale, kati ya watu ninaowajua majina ya mbwa wao. Nyuma yetu mwanaume mmoja akasema, "Mama, kaa au pita, tunaona nini sasa?" Delmar akafumba macho. Lyle akanishika mkono juu ya kiwiko, taratibu, akaanza kunielekeza njia ya kutokea.

Wauguzi wa zamu hukaa pembeni mwa uwanja, upande ule wa pili, na machela yao. Ningezunguka tena nyuma ya goli, ningeita, na kwa kelele ile hakuna ambaye angesikia. Njia fupi ilikuwa moja.

Nilimpiga Lyle kiwiko cha tumbo. Nikateremka safu zote saba, nikapita kati ya meza ya watangazaji na benchi letu, kocha akanishika koti, nikamwachia koti, nikaingia uwanjani na sweta yangu ya kijani.

Mpira ulikuwa wetu. Tavion alikuwa anakuja nao mbio, peke yake, hakuna mtu mbele yake isipokuwa kikapu, na mimi. Aliniona. Wapo wachezaji ambao wangenipita. Yeye alisimama, viatu vyake vikalia kwenye mbao, akaudaka mpira kifuani.

"Mama Verna?"

Filimbi ikalia. Nimekuambia nilijua kila sauti ya ukumbi ule. Kimya chake sikuwahi kukijua.

Refa akanijia mbio. "Mama, unafanya nini hapa?"

"Mume wangu anakufa," nikasema. "Safu ya saba. Yule pale. Wanasubiri mchezo uishe."

Ni mtu mzima yule refa, bila shaka ameyaona mengi. Alitazama safu ya saba, akanitazama mimi. Kisha akawapungia wauguzi, wakakimbia.

Walimhudumia kwenye ngazi kwa muda mrefu. Vijana wakakaa kwenye benchi, taulo mabegani, miguu yao mirefu imenyooka. Nilisimama pembeni nikimtazama Delmar anachanwa shati, na katika kimya kile nikalisikia neno linatembea. Lilianzia kwenye viti vya juu, likashuka safu baada ya safu, halikupigiwa kelele. Kisirani. Ndiye yule kisirani. Kaingia ndani. Huenda wapo waliouliza kama yu hai. Huenda wapo walioomba. Mimi nasema nilichosikia.

Walipompitisha kwenye machela nilimfuata. Lyle hakuja. Mechi ilikuwa haijaisha.

Ndani ya gari la wagonjwa dereva alikuwa na redio, mechi inatangazwa kwa sauti ya chini. Muuguzi akamwambia azime. Delmar, na barakoa ya hewa usoni, akatikisa kichwa hapana. Muuguzi akanitazama. Nikamwambia aache. Basi tuliyasikia yote, mimi na yeye, tukiwa tumeshikana mkono kwenye barabara ya kwenda hospitali ya Lexington. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Tavion akarusha akakosa, akarusha tena akakosa. Mpira ukamgonga mtu wetu mguuni ukatoka. Tolliver wakafunga, wakafunga tena, na mlio wa mwisho ulipolia mpira wao ulikuwa tayari hewani, ukaingia. Tulifungwa kwa pointi moja. Chozi lilimtoka Delmar jichoni likaingia sikioni. Muuguzi akamwuliza maumivu yamezidi wapi.

Daktari aliyempasua ni mwanamke kijana, mikono midogo kama ya mtoto. Alinieleza bila kuzungukazunguka. Mshipa mkubwa wa moyo ulikuwa umeziba wote. Moyo wake ulisimama mara moja wakati wanampakia kwenye gari, wakauamsha kwa sababu mashine ilikuwa pale pale. Delmar angekuwa bado kwenye kiti chake, alisema, yeye daktari sasa angekuwa ananikabidhi saa na pete ya marehemu.

Kesho yake nilirudi Brannock kuoga. Kwetu mtu akilazwa, haifiki saa sita mchana baraza lako limejaa vyakula vya majirani: kuku wa tambi, maharage, maboga, vyungu vimeandikwa majina chini ili uvirudishe. Nimepeleka vyungu vyangu kwenye kila nyumba ya mtaa ule. Baraza langu lilikuwa tupu na limefagiliwa na upepo. Jirani wa mbele alikuwa anaosha gari, akaniona, akaingia ndani na kuacha bomba likimwagika.

Mtu mmoja alipiga simu. Tavion.

"Mama Verna, mzee anaendeleaje?"

"Moyo wake unapiga."

"Nimekosa mara zote mbili, mama. Nisamehe."

Yule aliyekosa ndiye aliyeuliza. Nilikaa kitandani na taulo langu nikalia kwa sauti. Baada ya hapo nilijipa moyo. Nilijisemea, ngoja Delmar aamke vizuri. Delmar ana ulimi, Delmar anapendwa. Atamwita Lyle, atawaambia watu wote kwamba mke wangu alinitoa kaburini, na mtu mwenye haya ataona haya. Sikuhitaji chungu cha mtu. Nilihitaji yeye awe upande wangu.

Walimtoa mrija wa hewa kooni siku ya tatu. Alikuwa amekonda usoni, sauti imekwaruza. Nilimwinulia mito, nikamchana nywele, na nikashindwa kusubiri, nikamwambia.

"Nilikuwa ndani, Delmar. Kipindi cha pili karibu chote, nimekaa na wale wa njano. Tulikuwa nyuma kwa tisa nilipoingia. Zile zote walizofunga, mimi nilikuwa ndani nawatazama. Kwa hiyo si mimi. Haikuwahi kuwa mimi."

Alitazama dari. Nilimshika mkono, na mkono wake ulikuwa na joto tena, na hilo tu lilitosha kunifanya niwe tayari kumsamehe kila kitu, hata lile neno alilonitamkia pale safu ya saba.

"Ungesubiri dakika mbili," akasema.

Nilidhani ni dawa za usingizi. "Unasemaje?"

"Dakika mbili, Verna. Zilibaki mbili tu."

"Hukuwa nazo. Daktari kasema. Ungekaa pale hadi mwisho ungekufa. Unanisikia, Delmar? Usingefika."

"Najua," akasema. "Ameniambia asubuhi."

Hakusema kwa hasira. Akageuza uso upande wa dirisha, na baadaye kidogo akaomba maji. Nikamshikia kikombe mpaka akamaliza.